Picha za MV Dania zinatoka kijani tupu, nifanyeje?

Wakuu, naomba ushauri. Huwa napiga mbizi Mombasa, na siku hizi nashuka na kamera hadi kwenye mabaki ya MV Dania, ile meli ya mifugo iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya samaki. Kule chini, karibu mita 30, wekundu wote umeshamezwa na maji; hata chewa mwenye madoa anatoka rangi ya majivu. Nikiwasha fleshi, chembechembe zinang'aa mbele ya lenzi kama unga uliomwagwa. Nimeambiwa fleshi ikae pembeni, mbali na lenzi. Inasaidia kweli, au ninunue tochi ya video? (Bei zake, jamani!) Na nikitaka meli nzima, nizime taa nitegemee jua tu? Nataka nijipange kabla ya kaskazi, maji yakitakata.