Kweri ya Django inaenda databesi saa ngapi hasa? Naomba ushauri

Kijana_RiverRoad: Wadau, hamjambo. Nimemtengenezea mzee mmoja hapa River Road, Nairobi, kwa Django (zana ya Python ya kutengenezea tovuti), mfumo wa kupokea mizigo ya magari ya Kisumu na Kakamega. Ukurasa wa mizigo ya leo unafunguka kwa sekunde tisa, na jioni foleni ya kaunta inafika kwenye ngazi. Nimepima muda kabla na baada ya mstari huu wa kweri, yaani swali kwa databesi:

`mizigo = Mzigo.objects.filter(tarehe=leo)`

Haumalizi hata milisekunde moja! Nikamwambia mzee shida ni intaneti. Akalipia ya kasi zaidi, na sekunde ni zile zile tisa. Sasa hata salamu yangu anaitikia nusu. Databesi si imeshajibu hapo? Mbona kwenye konsoli mstari huo huo unatoa matokeo papo hapo?

DadaWaUmoja: Pole kaka. Umepima muda wa kuandika swali, si wa kujibiwa. filter(), exclude() na order_by() zinapanga SQL tu, yaani maneno ya swali lenyewe. Ziunge hata kumi, databesi haina habari. Inaguswa unapotaka matokeo yenyewe: ukizungusha kwa for, ukiita list() au len(), hata ukiandika `if mizigo`. For yako iko kwenye templeti (faili linalochora ukurasa), kwa hiyo saa yako ilisimama kabla kazi haijaanza. Konsoli nayo lazima ikuchapishie kitu, ndiyo maana inakwenda kuchota: safu 21, ikuonyeshe 20.

FundiSeva: Kweli, ila kweri moja ya mizigo ya siku moja haili sekunde tisa. Kwenye templeti, kila mstari unaandika mtumaji na namba ya gari?

Kijana_RiverRoad: Ndiyo, `m.mtumaji.jina` na `m.gari.namba`. Juu kabisa nina `mizigo.count`.

FundiSeva: Ugonjwa ndio huo. Kila mzigo unarudi databesi mara mbili, kumtafuta mtumaji halafu gari, hata kama mizigo 30 imepanda gari lile lile. Ongeza `.select_related("mtumaji", "gari")`, vyote vije kwa kweri moja yenye JOIN, yaani inayounganisha majedwali. Pale juu weka `mizigo|length`: itachota orodha nzima, na for itatumia hiyo hiyo iliyokwisha chotwa. count ingefaa kama ungetaka idadi peke yake. Kisha washa DEBUG kwenye laptopu yako, si kwenye seva ya mzee tafadhali, uangalie `len(connection.queries)`, idadi ya kweri zilizokwenda databesi. Baada ya render(), templeti ikishachorwa, usije ukapima mapema tena!

Kijana_RiverRoad: Wakuu! Mizigo 206, kweri zilikuwa 414. Sasa ni moja, na ukurasa unafunguka kabla sijatoa kidole kwenye kitufe. Limebaki moja: ile pesa ya intaneti namwambiaje mzee?

DadaWaUmoja: Hilo halimo kwenye nyaraka za Django, kaka.