Mjadala: Wamiliki wa bunduki wakijaa kwenye kikao cha kamati, sheria ya kujilinda inabadilika kweli?

Mzizi wa Hoja

Wakuu, kila bunge la jimbo fulani Marekani likijadili sheria ya kujilinda, picha ni ile ile. Ukumbi wa kamati umejaa fulana za vyama vya wamiliki wa bunduki, wengine wamesimama ukutani, foleni ya mashahidi imefika koridoni. Nina maswali mawili. Kujaa huko kunabadilisha chochote? Na wanachodai, yaani kufuta wajibu wa mtu kurudi nyuma kabla ya kutumia nguvu, ni haki ya raia au ni kibali cha kuua?

Tuchukue Ohio, kwa sababu huko kila hatua ina tarehe yake. Mwaka 2008 wajibu huo uliondolewa kwa mtu aliye nyumbani kwake au ndani ya gari lake au la ndugu wa karibu. Mwishoni mwa 2018 muswada HB 228 (HB ni muswada wa Baraza la Wawakilishi, SB ni wa Seneti) ulihamisha mzigo wa uthibitisho kutoka kwa mshtakiwa kwenda kwa mwendesha mashtaka. Gavana John Kasich akaupigia kura ya turufu, bunge likaipindua tarehe 27 Desemba, na sheria ikaanza kutumika 28 Machi 2019. Kisha ukaja SB 175, uliosainiwa na Gavana Mike DeWine tarehe 4 Januari 2021, ukafuta wajibu wa kurudi nyuma mahali popote ambapo mtu ana haki ya kuwepo. Ulianza kutumika 6 Aprili 2021.

Karibuni, ila hoja ziwe na vifungu.

Msoma Vifungu

Nianze na la pili, maana watu wengi wanaipinga sheria hii bila kuisoma.

Kabla ya mabadiliko hayo, mahakama za Ohio zilitumia kipimo cha kesi ya State v. Robbins ya mwaka 1979. Mtu aliyedai kujilinda kwa nguvu ya kuua alipaswa kuonyesha mambo matatu: kwamba si yeye aliyesababisha ugomvi, kwamba aliamini kwa dhati yuko hatarini kufa au kuumizwa vibaya na hakuwa na njia nyingine ya kujinusuru, na kwamba hakukiuka wajibu wa kurudi nyuma au kuepuka hatari. SB 175 imeng'oa hilo la tatu tu. Ukianzisha ugomvi baa, ukazidiwa, ukachomoa bastola, bado umekwama kwenye la kwanza. Hakuna kibali cha kuua hapo.

HB 228 nayo ilirekebisha jambo la aibu. Ohio lilikuwa jimbo la mwisho Marekani kumtaka mshtakiwa mwenyewe athibitishe kwamba alijilinda. Leo ushahidi ukielekea kuonyesha kujilinda, ni mwendesha mashtaka anayepaswa kuthibitisha pasipo shaka kwamba mshtakiwa hakujilinda. Mahakama Kuu ya jimbo ilisema mwaka 2022, katika State v. Brooks, kwamba kanuni hiyo inahusu kila kesi iliyosikilizwa tangu 28 Machi 2019, hata kama tukio lilitokea kabla.

Dada wa Mizani

Kaka, umesoma hadi katikati ukafunga kitabu. Kifungu 2901.09 cha sheria za Ohio kina aya (B) na aya (C). (B) ndiyo hiyo unayoisifia: huna wajibu wa kurudi nyuma. Lakini (C) inaenda mbali zaidi. Inawakataza wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, yaani jury, wasiufikirie kabisa uwezekano wa kurudi nyuma wanapopima kama mtu aliamini kwa busara kwamba nguvu ilikuwa lazima.

Hapo ndipo penye tatizo. Kumwambia mtu "hukulazimika kukimbia" ni jambo moja. Kumwambia mwamuzi "usitazame kama mlango ulikuwa wazi nyuma yake" ni jambo jingine kabisa. Mlango ukiwa wazi, gari linanguruma, mwenzako yuko hatua kumi na ana mikono mitupu, hizo zote ni dalili za kupima kama hofu ilikuwa ya kweli. Chama cha waendesha mashtaka wa Ohio kilipinga mwelekeo huu kwa miaka, na hao si watu wanaochukia bunduki.

Mzee wa Kijiwe

Swali la haraka. Huku Tanzania kifungu cha 18B cha Kanuni ya Adhabu kinakuruhusu kutumia nguvu ya kiasi kinachohitajika tu, na ukizidisha unawajibika kwa kosa litakalotokea. Wenzetu wa Ohio hawana kipimo cha kiasi?

Msoma Vifungu

Wanacho, mzee wangu. Nguvu ya kuua inahitaji hofu ya kifo au jeraha kubwa, na hofu hiyo iwe ya busara. Mtu aliyekupiga kofi hujapewa ruhusa ya kumpiga risasi. Dada wa Mizani yuko sahihi kwamba (C) imepunguza vitu vinavyotazamwa wakati wa kupima, nakubali. Ninachokataa ni wale wanaoifananisha na sheria ya Florida. Florida ina kinga kamili dhidi ya mashtaka: mshtakiwa anaomba kikao cha awali mbele ya jaji, na tangu 2017 ni upande wa mashtaka unaopaswa kuivunja kinga hiyo kwa ushahidi mzito, kesi ifutwe au iendelee. Ohio haina kikao hicho katika kesi za jinai. Kesi inakwenda mbele ya raia kama kawaida.

Dada wa Mizani

Kinga ya Florida ndiyo iliyofanya sherifu wa kaunti ya Pinellas asimkamate papo hapo mtu aliyemuua mwenzake mwaka 2018 kwenye ugomvi wa maegesho ya walemavu mjini Clearwater. Aliyekufa alikuwa amemsukuma mpiga risasi chini, lakini kwenye video anaonekana akirudi nyuma kabla ya risasi. Wiki kadhaa baadaye mashtaka yakafunguliwa, na mwaka 2019 jamaa akahukumiwa miaka 20. Sheria haikumwokoa mwisho wa siku, lakini huenda alifyatua akiamini itamwokoa. Watu hufuata sheria waliyoisikia vijiweni kuliko ile iliyoandikwa.

Na takwimu zipo. Utafiti uliochapishwa 2017 katika jarida la kitabibu la JAMA Internal Medicine uliona mauaji Florida yakipanda kwa asilimia 24.4 baada ya sheria yao ya 2005 ya kufuta wajibu wa kurudi nyuma, na mauaji ya bunduki kwa asilimia 31.6. Majimbo ya kulinganishia, ambayo hayakuwa na sheria hiyo, yalikuwa New York, New Jersey, Virginia na... Ohio yenyewe.

Mlenga Shabaha

Takwimu hizo zina kasoro ambayo huwa hamuitaji. Zinatokana na vyeti vya vifo vya CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Kwenye vyeti hivyo, mwanamke aliyempiga risasi mbakaji anahesabiwa kwenye safu moja na jambazi aliyeua mwenye duka. Vyote ni mauaji. Sheria ikiruhusu watu wengi zaidi kujilinda, namba lazima ipande, hata kama haki imetendeka kila mara.

Dada wa Mizani

Hoja nzuri, na imejibiwa. Watafiti Cheng na Hoekstra, mwaka 2013, walitumia hesabu za FBI za mauaji ya jinai, ambazo mauaji yaliyohesabiwa kuwa halali yameshaondolewa. Bado waliona ongezeko la takriban asilimia 8 katika majimbo yaliyopanua sheria hizi. Na hawakuona wizi wa kuvunja nyumba, unyang'anyi wala mashambulizi mazito yakipungua. Sasa ile hoja ya kwamba majambazi wataogopa tuiweke wapi?

Mlenga Shabaha

Iweke kwenye mashaka, sikatai. Ila mtu mmoja mmoja hajilindi ili apunguze takwimu za wizi. Anajilinda asife. Pia polisi wakishindwa kuandika tukio kuwa ni halali, na hutokea, linabaki kwenye safu ya jinai ya FBI.

Koridoni

Mmelisahau swali la kwanza, na ndilo ninalolijua. Nieleze jinsi kikao cha Columbus, makao makuu ya Ohio, kinavyokwenda, halafu muone wapi umati unasaidia na wapi unaharibu.

Muswada ukipelekwa kwenye kamati, kwa kawaida kikao cha kwanza ni cha mdhamini kuuelezea. Kinachofuata ni cha wanaounga mkono, halafu wanaopinga, na mara nyingine wenye maoni ya kati. Hapo ndipo kosa la kwanza la umati linapotokea: mtu anaendesha gari zaidi ya saa mbili kutoka Toledo na fulana yake, anafika siku ya wapinzani, haitwi. Angalia ratiba ya kamati ujue ni kikao cha ngapi.

Ushuhuda wa maandishi hutumwa kwa barua pepe ofisi ya mwenyekiti, kwa kawaida saa 24 kabla, pamoja na fomu ya shahidi: jina, unamwakilisha nani, namba ya muswada, unaunga mkono au unapinga. Ukichelewa, huenda maandishi yako yasiwafikie wajumbe mezani na ukabaki kuongea hewani. Muda wa kuongea anaupanga mwenyekiti. Foleni ikiwa ndefu anaukata, na wa mwisho kwenye foleni ndio wanaoumia. Kwa hiyo mashahidi 60 wenye hoja moja wanajinyonga wenyewe. Andaa dakika tatu na uwe na toleo la dakika moja mfukoni.

Mjumbe akikuuliza swali, unajibu kupitia kwa mwenyekiti kwanza. Ukianza kubishana na mjumbe moja kwa moja, unakatwa. Silaha zinaishia nje.

Kosa kubwa kuliko yote: kutumia dakika zote kwenye Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya haki ya kumiliki silaha. Muswada wa kujilinda hauhusu nani amiliki bunduki. Unahusu mzigo wa uthibitisho na wajibu wa kurudi nyuma, na unamhusu hata anayejilinda kwa fimbo. Mjumbe aliyechoka anasikia mara arobaini kitu ambacho hakimo kwenye muswada. Aliyesimama akasema "aya hii, mstari huu, neno hili libadilishwe liwe hili" anaandikwa kwenye daftari la msaidizi wa kamati.

Mzizi wa Hoja

Basi mbona SB 175 ulipita bila hayo yote?

Koridoni

Umegusa penyewe. SB 175 wa Seneta Tim Schaffer haukuwa muswada wa wajibu wa kurudi nyuma. Ulihusu kinga ya madai kwa makanisa na taasisi zisizo za faida pale mtu anapobeba bastola kwenye eneo lao. Miswada yenye maneno ya kufuta wajibu ilikuwa mingine, SB 383 na HB 796, na watu walijitokeza kutoa maoni kwenye SB 383. Halafu Desemba 2020, bunge likiwa kwenye siku zake za lala salama, marekebisho yakachomekwa ndani ya SB 175 ukumbini kwenye Baraza la Wawakilishi. Kura 52 kwa 31. Kesho yake Seneti ikakubali kwa 18 kwa 11.

Kwa hiyo aliyesimama kamatini, kwa upande wowote, alitoa ushuhuda kwenye karatasi moja na sheria ikapitishwa kwenye nyingine.

Dada wa Mizani

Na gavana aliyeisaini ndiye yule aliyepigiwa kelele za "fanya jambo" mjini Dayton, Ohio, baada ya watu tisa kuuawa Agosti 2019. Mapendekezo yake mwenyewe ya udhibiti hayakupita, akasaini haya. Ndiyo maana nasema fulana ni mapambo. Kura zilikuwa zimeshahesabiwa.

Mlenga Shabaha

Hapana dada, tazama Arkansas. Machi 2019 muswada kama huu wa kufuta wajibu, SB 484, ulifika Kamati ya Sheria ya Seneti. Kukawa na pendekezo la kubana muda wa mjadala, na Seneta Stephanie Flowers akalipuka kwa hasira, video ikazunguka dunia nzima. Muswada ukaanguka kura 4 kwa 3, Mrepublikan mmoja akiungana na wapinzani. Kamati ilikuwa na uzito hapo. Kura moja tu.

Koridoni

Malizia hadithi. Mwaka 2021 ulirudi kama SB 24 na Gavana Asa Hutchinson akausaini Machi 3. Kati ya miaka hiyo miwili kilichobadilika ni maneno. Toleo lililopitishwa linasema mtu awe mahali hapo kihalali, asiwe ndiye aliyeanzisha ugomvi, asiwe anafanya uhalifu uliozaa haja ya kutumia nguvu, wala asiwe kwenye shughuli za genge. Waliokaa na waendesha mashtaka na masherifu kuandika masharti hayo ndio walioupitisha muswada, na kazi hiyo hufanyika kwenye ofisi ndogo, hakuna kamera.

Msoma Vifungu

Na umati ndio uliowafanya wakubali kukaa ofisini. Mwanasiasa asiyeona watu koridoni hafungui mlango.

Dada wa Mizani

Huenda. Lakini kwa Ohio, nitajie shahidi mmoja wa upande wenu aliyependekeza (C) ipunguzwe makali: kwamba huna wajibu wa kukimbia, ila raia wanaoamua kesi waruhusiwe kuona mlango ulio wazi. Ungeweza kutetea haki yako yote na kubakiza hilo.

Msoma Vifungu

Sitakutajia, kwa sababu wengi wetu tunaamini hapo ndipo mwendesha mashtaka anaporudisha wajibu kwa mlango wa nyuma. Atasimama aseme: "Sheria haikumtaka akimbie, lakini jiulizeni kwa nini hakukimbia." Baada ya hapo (B) inabaki karatasi.

Mzee wa Kijiwe

Nina wajukuu Columbus, wanafunzi. Haya yote yanawahusu?

Koridoni

Sheria ya kujilinda inamlinda yeyote, mzee, raia au mgeni. Bunduki ni jambo jingine. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda, ya masomo ikiwemo, kumiliki silaha au hata risasi, isipokuwa ana sifa fulani kama leseni halali ya uwindaji. Tangu Juni 2022 Ohio inaruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi kubeba bastola iliyofichwa bila kibali, ila hiyo ni kwa yule ambaye sheria haimkatazi kumiliki. Mwanafunzi akisikia "Ohio hakuna kibali" akaazima bastola ya rafiki, kwake ni kosa la shirikisho, na viza nayo iko hatarini. Waambie hilo kabla hawajafika uwanja wa shabaha.