Nondo mkubwa mwenye "macho" kwenye mabawa, Ohio. Ni aina gani?

MamaZawadi: Habari zenu wakuu. Tuko Columbus, Ohio. Tangu jana usiku kuna nondo kanasa ukutani karibu na taa ya barazani, mpana kuliko kiganja changu. Ni wa kahawia. Mtoto alipomgusa akafunua mabawa ya nyuma, yana madoa mawili makubwa kama macho, njano, bluu na nyeusi! Wanangu wanataka kumpa maji ya sukari, mimi nawaza kanga na masweta yangu. Ni nani huyu, na anakula nguo?

Mkulima_254: Hiyo cecropia. Ndiye nondo mkubwa kuliko wote Amerika Kaskazini.

KipangaTX: Mkuu, taratibu. Cecropia ana mwili mwekundu wenye pete nyeupe, na alama za mabawani ni kama hilali, si za duara. Dada, hebu mulika katikati ya hayo madoa. Unaona ukuta?

MamaZawadi: Nimemulika kwa simu. Loh, naona rangi ya ukuta kabisa! Mwili ni kahawia mtupu, una manyoya.

KipangaTX: Basi huyo ni polyphemus, Antheraea polyphemus. Hicho kidirisha ndicho kinachomtambulisha. Kutaja Ohio peke yake kusingetosha, maana wote wawili wapo huko. Polyphemus ameenea karibu Marekani yote, kuanzia kusini mwa Kanada hadi Mexico. Cecropia huishia mashariki ya milima ya Rocky.

Sukari muache. Akishakuwa nondo hana mdomo wa kulia, anaishi siku chache kwa akiba aliyojiwekea alipokuwa kiwavi, akila majani ya mwaloni na miti mingine. Wanaotoboa masweta ni viwavi wa vinondo vidogo sana, nao hupenda sufu. Kanga zako hazina neno.

Shangazi_Taita: Kwetu Kenya yupo wa ukoo huohuo, wa kijani mwenye mikia mirefu, Argema mimosae. Huko Ohio mkibahatika mtaona luna, wanafanana sana.

MamaZawadi: Asanteni sana jamani. Dume au jike? Papasi zake ni pana, zina manyoya.

KipangaTX: Dume. Kwa papasi hizo hunusa jike aliye mbali, hata zaidi ya kilomita. Leo usiku zima taa ya barazani, aende zake akamtafute.