Nimelipa kiingilio kwenye mnara wa Vasco da Gama Malindi, watoto wakalishwa uongo mbele yangu

Wakuu, nimerudi toka Malindi juzi na hasira haijaniisha, mnivumilie.

Nilimpeleka mpwa wangu wa darasa la sita na rafiki zake wawili kule rasini. Mahali ni pazuri, hilo silipingi. Mnara mweupe wa mawe ya matumbawe, juu yake msalaba wa jiwe lililotoka Lisbon, na upepo wa kusi unakupiga usoni. Tukalipa getini, akaja kijana akasema lazima atutembeze yeye. Sawa.

Neno lake la kwanza kwa watoto: "Malindi ilianzia hapa, 1498, Wareno walipokuja."

Ilianzia hapo? Mji uliompelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, miaka 83 kabla ya da Gama kutia nanga? Mji wenye sultani wake, aliyempokea yule Mreno alipotoka Mombasa alikochukiwa, akampa na rubani wa kumvusha bahari hadi Calicut, India?

Mpwa wangu akauliza huyo rubani ni nani. Akajibiwa Ibn Majid, yule baharia Mwarabu, bila hata kusita, wakati watafiti wengi wamelikataa hilo na waandishi wa Kireno wenyewe walimtaja Mgujarati, mtu wa India. Kisha akasema msalaba haujawahi kutoka hapo. Uongo tena: ulikuwa mjini karibu na nyumba ya sultani, ukahamishiwa rasini baadaye!

Nikamsahihisha kwa upole kabisa. Akanijibu: "Bosi, kama unajua yote, umelipia nini?" Watoto wanasikiliza.

Muda wote huo watu wawili wamepanda kwenye kitako cha mnara wanajipiga selfi, soli za viatu juu ya chokaa iliyokwishachorwachorwa majina ya wapenzi. Mlinzi yuko na simu yake. Ukichungulia chini, mawimbi yanaula mwamba unaoubeba mnara wenyewe, na nyufa zimejaa chupa za plastiki.

Hela yangu sitaki irudi. Nataka anayewaweka hao vijana pale awafundishe kwanza habari za Malindi, na mlinzi alinde.

Mpwa wangu alikuwa ameshaandika daftarini "Malindi ilianza 1498", kazi ya likizo hiyo, ataisoma mbele ya darasa. Jana usiku nikamwambia afute. Akanitazama: "Lakini mjomba, yule kaka alikuwa na kitambulisho shingoni."