Kiwanja cha 20 kwa 30 chenye mteremko Goba: nianze na nini kabla ya msingi?

Mgeni wa Goba
Wakuu, heshima kwenu. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 huku Goba, Dar es Salaam. Kimepimwa, lakini kimekaa miaka mitatu bila kuguswa: vichaka, visiki viwili vya mwembe, na bikoni (jiwe la mpaka) moja kati ya nne haionekani. Kutoka juu hadi chini kinashuka kama mita 2.5, kwa ule upande mrefu. Fundi anataka tuite greda lisawazishe, kisha aseti (apime na kuchora chini kwa kamba) nyumba ya mita 10 kwa 12. Naombeni mpangilio sahihi kabla sijamwaga pesa.

Kamba na Bikoni
Mkuu, greda lisubiri. Likiingia sasa linaweza kung'oa hata hizo bikoni tatu zilizobaki. Fyeka kwa panga na jembe hadi mipaka yote ionekane, kisha mpima mwenye leseni arudishe iliyopotea kwa kufuata ramani ya upimaji. Usikubali GPS ya simu. Inakosea mita kadhaa, na mita 3 ni upana wa chumba. Siku ya kurudisha, majirani wa pande zote wawepo pamoja na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Wewe nawe pima ulalo kwa tepu: kama kiwanja ni mstatili kamili, kona hadi kona isome mita 36.06, ulalo wa kwanza na wa pili.

Huku hayo yakiendelea, fanya upekuzi wa hati na uombe kibali cha ujenzi halmashauri. Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye aliyeandikwa kwenye hati. Na kama chini kuna mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni zisijengwe.

Nondo 12
Niongeze la uzio. Wengi hukimbilia ukuta wa tofali. Kwenye mteremko ukuta wa upande wa chini unakuwa bwawa: maji ya masika yanajikusanya nyuma yake, udongo unalowa, tofali zinasukumwa hadi zinalala. Ukiujenga baadaye, acha matundu ya kutolea maji kila mita 2 na uweke kokoto nyuma yake.

Kwa sasa nguzo na seng'enge zinatosha. Mzunguko ni mita 100, nguzo kila mita 2.5, jumla 40. Nyuzi 5 ni mita 500, ongeza asilimia 10 ya kufungia. Nguzo ya mita 2.1 izame sentimita 60. Za kona ziegemeze kwa miti ya mshazari pande mbili, la sivyo waya ukikazwa zinainama. Uzio wote ukae ndani ya mpaka, bikoni zibaki wazi. Panda na michongoma kando yake, ndani ya misimu michache mbuzi hapiti.

Udongo Kwanza
Hatari kubwa hapo ni hilo wazo la kusawazisha. Kwa mteremko huo, nyumba ya urefu wa mita 12 inashuka kama mita 1 ikilala kufuata mteremko. Greda litakata sentimita 50 juu na kuzimwaga chini. Nusu ya nyumba itakaa kwenye ardhi ngumu, nusu kwenye kifusi. Kifusi kinashuka, ardhi ngumu haishuki, ukuta unapasuka katikati. Mitaro ya msingi ichimbwe kwa ngazi, kila ngazi ikanyage ardhi ya asili, hata kama upande wa chini unahitaji kozi (mistari ya tofali) nyingi zaidi. Kifusi ni cha kujazia chini ya sakafu tu: tabaka za sentimita 15, kila moja inyunyiziwe maji na kushindiliwa kabla ya inayofuata.

Kabla ya hapo chimba mashimo matatu ya majaribio, kina mita 1.5, mojawapo kwenye kona ya chini kabisa. Yachimbe mwishoni mwa masika, maji ya ardhini yakiwa juu. Chukua udongo wenye unyevu, uviringishe kiganjani: ukitoka uzi mwembamba kama waya bila kukatika, ni mfinyanzi. Huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ukiukuta chini ya msingi, mwite mhandisi, usimwachie fundi aamue kwa macho.

Juu ya nyumba chimba mtaro wa kukinga maji, uyapeleke kwenye mfereji wa barabara. Usiyaelekeze kwa jirani wa chini.

Mgeni wa Goba
Nimeelewa, shukrani sana. Visiki je? Fundi anasema tuvichome.

Udongo Kwanza
Moto unakula juu tu. Mizizi inabaki, inaoza, inaacha matundu na inaita mchwa. Ng'oa na mizizi yote minene, kisha ondoa udongo wa juu wenye majani, sentimita 15 hadi 20, uutunze kwa bustani. Shimo la kisiki likiangukia kwenye mstari wa msingi, usilijaze udongo. Lisafishe hadi ardhi ngumu, ulijaze zege. Dawa ya mchwa ipigwe kifusi kikishashindiliwa, kabla ya nailoni ya kuzuia unyevu na jamvi (zege la sakafu). Ukipiga leo kisha ukachimba tena, umeitupa.