Mzani wa kupima mafuta mwilini unanichanganya, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga. Mwezi wa pili huu natembea kila alfajiri hadi Ujiji (kurudi ni bajaji, msinicheke).

Niliagiza Dar mzani wa kioo unaounganishwa na simu, unaotaja uzito, mafuta, misuli na maji. Juzi kabla ya chai ukasema mafuta 31%. Jioni, baada ya ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, nikapanda tena: 28%. Yaani nimekula mawese, mafuta yakapungua!

Nimesoma kwamba unapitisha umeme mdogo sana toka unyayo mmoja hadi mwingine, na mafuta hupitisha umeme kwa shida kuliko misuli yenye maji. Kwa hiyo ukikaukiwa maji, unakuzidishia mafuta. Sasa napima asubuhi tu, nikitoka chooni, miguu mitupu, juu ya saruji. Mwanzo niliuweka kwenye mkeka, nikapungua kilo 2 papo hapo. Furaha ya bure.

Wenye uzoefu: niachane na tarakimu za kila siku nifuate wastani wa wiki, au futi ya fundi cherehani kiunoni inatosha? Kuna anayenishauri nichukue wenye vishikio vya mikono, ati huu wangu unasoma zaidi miguu. Bei ni karibu mara tatu. Kuna tofauti ya maana kweli?

Halafu bi mkubwa ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Nimemkataza kuupanda, amenuna tangu Jumapili. Nimwelezeje?