Serikali inanunuaje umeme wa upepo wa baharini?

Kusi_Sahare: Wakuu habari zenu. Niko Tanga hapa, kusi likikaza hata ngalawa hazitoki, nawaza upepo wote huu si umeme? Huko Ulaya serikali zinajenga mitambo zenyewe au zinanunuaje?

fundi_wa_nguzo: Hazijengi mkuu. Uingereza wanashindanisha kampuni, kila moja inataja bei yake, za bei ya chini ndo zinapewa mkataba wa miaka mingi (hadi raundi ya 2024 ulikuwa wa miaka 15), soko likishuka chini ya bei ile kampuni inafidiwa, likipanda inarudisha ziada. Ila ukibana sana wanakukimbia. 2023 serikali iliweka kikomo cha pauni 44 kwa megawati-saa (yuniti 1,000 za umeme) kwa thamani ya pesa ya 2012, wakati chuma na riba vishapanda, basi upepo wa baharini haukupata hata zabuni moja! Raundi iliyofuata wakapandisha kikomo hadi 73 ndo kampuni zikarudi.

Kusi_Sahare: Na hiyo fidia anatoa nani?

fundi_wa_nguzo: Wateja, kupitia bili zao. Ndo maana bei ya mkataba ni ya kuiangalia kwa macho mawili.

Dada_Kigombe: Jamani na wavuvi je? Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, nguzo za kusimikwa chini kwa kawaida ni mwisho mita 60 hivi, kwahiyo watasogea huku karibu kwenye madema yetu. Mimi nataka fidia ya wavuvi iandikwe kwenye zabuni kabla haijatangazwa, sio baadae.

Kusi_Sahare: Hapo umenena dada, naunga mkono kabisa.